Kustaafia Nairobi Ukitoka Nchi Nyingine: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya watu wanaohamia Nairobi uzeeni: Mtanzania au Mkongo aliyewafuata watoto, mgeni aliyeoa au kuolewa Kenya, na Mkenya wa zamani aliyechukua pasipoti ya Uingereza au Marekani miaka mingi iliyopita na leo, kisheria, ni mgeni kwao. Ada za serikali hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo nyingi hatujazitaja. Kiasi cha kulipa utakiona kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, siku unapojaza fomu.

Nianzie wapi: vibali, nyumba au mizigo?

Vibali. Bila kibali cha kukaa hupati kadi ya mgeni, bila kadi hiyo kupata PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, ni kazi, na bila PIN husajili gari wala huandikishi ardhi kwa jina lako. Baada ya vibali shughulikia matibabu, kisha nyumba ya kupanga, kisha mizigo. Kununua au kujenga kuje mwisho kabisa. Wengi hugeuza mpangilio huu kwa kuwa kiwanja ndicho kinachotamanisha, halafu hujikuta wana msingi uliochimbwa Kitengela na siku chache zilizobaki kwenye pasipoti.

Kama uwezo upo, panga nyumba yenye fanicha kwa miezi sita, na Aprili na Julai ziwe ndani ya miezi hiyo. Aprili utaona mvua ndefu zinavyofunga barabara. Julai utaona baridi. Anayeijua Nairobi ya Desemba tu, shule zimefungwa na nusu ya jiji imeenda ushago, yaani vijijini kwao, hajaijua bado. Nyumba ya ulikotoka usiiuze mwaka huo wa kwanza. Ipangishe.

Mstaafu asiye raia anaomba kibali gani?

Kibali cha daraja K. Masharti makuu ni matatu: uwe umetimiza miaka 35, uwe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, na uahidi kutofanya kazi ya kulipwa. Maombi hufanywa mtandaoni kwenye mfumo wa Idara ya Uhamiaji, na makao ya shughuli hizo ni Nyayo House, katikati ya jiji. Utahitaji barua ya maombi, nakala za pasipoti, picha na ushahidi wa mapato. Hati zisizo za Kiingereza zitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika.

Kinachokwamisha watu ni ushahidi wa mapato. Taarifa ya benki yenye akiba nono haitoshi, maana akiba inaweza kutumika ikaisha. Kinachotafutwa ni kitu kinachoingia kila mwezi: barua ya mfuko wa pensheni, mkataba wa malipo ya uzeeni au mapato ya kodi ya nyumba, ikitaja jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti na kiasi cha mwaka mzima. Piga hesabu mapema. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, takriban pauni 12,000 kwa mwaka. Peke yake haifiki dola 24,000. Utahitaji pensheni ya kazini au mapato mengine juu yake.

Ahadi ya kutofanya kazi ni nzito kuliko inavyoonekana. Ushauri wa kulipwa na kufundisha kwa mshahara ni kazi. Kama unapanga kufungua biashara, daraja lake ni jingine.

Nikishapata kibali, nimemaliza?

Bado. Mgeni anayekaa zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kujiandikisha na kupewa kadi ya mgeni. Beba nakala yake, ya asili ikae nyumbani penye usalama. Weka pia ukumbusho wa kuhuisha kibali miezi mitatu kabla hakijaisha.

Mimi ni Mkenya wa kuzaliwa lakini nina uraia wa nchi nyingine. Nihesabike vipi?

Inategemea uliuchukua lini. Kabla ya Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010, mtu mzima aliyechukua uraia mwingine alipoteza wa Kenya. Kama ulichukua kabla ya hapo, Ibara ya 14 inakupa haki ya kuurudisha kwa kuomba, na ni vyema uombe, kwa sababu mambo mengi yaliyo hapa chini, ardhi hasa, yanakuwa mepesi ukiwa raia. Ulete cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha zamani, hata kama kimechanika, pamoja na cheti cha uraia wa nchi ya pili kinachoonyesha tarehe.

Aliyechukua uraia wa pili baada ya hapo hakupoteza kitu, ila sheria ya uraia ya 2011 inamtaka autangaze ndani ya miezi mitatu. Adhabu ya kutotangaza inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka mitatu. Kama hujatangaza, ona wakili kabla ya kwenda kaunta.

Na mume au mke wangu asiye Mkenya?

Ndoa ya miaka mitatu na raia humruhusu kuomba ukaazi wa kudumu. Ndoa ya miaka saba humruhusu kuomba uraia. Kabla ya hapo anakaa kwa pasi ya mtegemezi. Cheti cha ndoa cha kimila au cha dini ambacho hakijasajiliwa serikalini huwa ndicho kizuizi; kisajiliwe kwanza.

Natoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Si tuna uhuru wa kukaa?

Una nafuu, lakini uhuru wa kukaa katika Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, unafuata kazi au biashara. Mfanyakazi anakuja na wategemezi wake. Mama anayemfuata binti aliyeajiriwa Nairobi huja kama mtegemezi wa binti huyo. Anayekuja peke yake kupumzika uzeeni hana kipengele chake maalumu humo.

Pensheni yangu itanifuata?

Itafuata, lakini si kwa namna moja kwa kila nchi.

Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa hadi Kenya, ila haipandi. Kiwango ulichokuwa nacho ulipohamia kinaganda hapo, wakati wenzako waliobaki huko wanaongezewa kila Aprili. Mtu wa miaka 66 anayetarajia kufika 90 ahesabu hasara hiyo kwa miaka 24, si kwa mwaka mmoja. Mfuko wa kampuni hufuata kanuni zake wenyewe, kwa hiyo waulize kwa barua.

Malipo ya Social Security ya raia wa Marekani hulipwa akiwa Kenya. Raia huyo anaendelea kujaza ritani ya kodi ya Marekani kila mwaka, na akaunti zake za nje zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote katika mwaka, anatakiwa kuziripoti. Mwenye green card awe mwangalifu zaidi: kukaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurudi kunaweza kumpotezea kadi.

Nchi zote mbili hutuma fomu ya kuthibitisha kuwa ungali hai. Ikitumwa kwenye sanduku la posta la binamu asiyelifungua, malipo husimamishwa. Kodi sanduku lako mwenyewe, au badilisha anwani iwe ya mtu anayesoma barua zake.

Nipokee pesa kwa dola au kwa shilingi?

Fungua akaunti mbili katika benki moja, moja ya fedha za kigeni na moja ya shilingi, ubadilishe kadiri unavyotumia. Usipange bajeti kwa kiwango cha leo. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Mwenye dola 2,000 kwa mwezi alitoka shilingi 320,000 hadi 260,000 bila kufanya kosa lolote. Pangia bajeti kiwango cha chini, na kinachozidi kiwe cha dharura.

M-Pesa inatosha kwa kila kitu?

Kwa mama mboga, keateka (mtunza jengo), kinyozi na matatu, ndiyo. Lakini muamala mmoja haupiti shilingi 250,000, na siku nzima haipiti 500,000. Malipo makubwa pitisha benki, na yanayozidi milioni moja huenda kwa RTGS (uhamisho wa benki kwa benki), si kwa hundi.

Wizi unaowapata wazee sana ni wa meseji. Unapata ujumbe kwamba umepokea pesa, kisha simu ya mtu anayelia kwamba ametuma kimakosa na mtoto yuko hospitalini. Usisome ujumbe, soma salio. Kama pesa haikuingia, kata simu. Kama iliingia kweli, usiitume mwenyewe. Mwambie aombe irejeshwe. Wewe ukikosea namba, tuma ile meseji ya muamala kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajaitoa. Namba ya siri haiombwi na mtu yeyote kwa simu, hata anayekutajia majina yako yote matatu.

Nitalipa kodi Kenya?

Ukiwa na makao ya kudumu Kenya na ukawepo nchini wakati wowote katika mwaka, wewe ni mkazi wa kikodi. Usipokuwa na makao, siku 183 katika mwaka zinakufanya mkazi, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Pensheni ya nje inatozwaje hutegemea ilitokana na kazi iliyofanyiwa wapi na kama kuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili. Hilo mpelekee mhasibu, usiulize kwenye grupu la WhatsApp. Ukishakuwa na PIN, jaza ritani kufikia Juni 30 kila mwaka hata kama huna cha kulipa. Adhabu ya kuchelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kiasi kikubwa kati ya hivyo viwili.

Nilete gari na vitu vya nyumbani?

Anayehamisha makao anaweza kuingiza vyombo vyake vilivyotumika na gari moja bila ushuru, akiwa na miaka 18 au zaidi na akitimiza masharti ya forodha ya Afrika Mashariki. Gari uwe umelimiliki na kulitumia huko kwa miezi 12 au zaidi, na mizigo ifike ndani ya siku 90 baada yako, isipokuwa Kamishna akuongezee muda. Mkenya anayerudi aangalie sharti jingine: awe ameishi nje miaka miwili au zaidi, na katika miaka hiyo asiwe amekaa Kenya zaidi ya siku 90 kwa jumla. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa zile safari za kwenda kuangalia mjengo.

Msamaha huo hauondoi sheria nyingine. Gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Ukiliuza kabla ya kulilipia ushuru, ushuru unakufuata.

Friji na mashine ya kufulia ya Marekani viache. Umeme wa Kenya ni volti 240, hezi 50. Vile vinataka 120 na 60, na transfoma ya kuviendesha ni nzito, ina joto na inakula stima. Plagi ni ya pini tatu kama ya Uingereza.

Bima ya afya ya ulikotoka inafanya kazi Nairobi?

Kwa kawaida haifanyi. Medicare ya Marekani hailipii matibabu ya nje ila kwa hali chache sana. Ukiacha kulipia sehemu yake ya B na kurudi baadaye, utatozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokosa, na nyongeza hiyo haiishi. Huduma ya bure ya hospitali za NHS, za serikali ya Uingereza, inafuata makazi, si pasipoti, ukihama umeiacha.

Basi nitibiwe kwa utaratibu gani?

Kwa tabaka mbili. La kwanza ni SHA, bima ya afya ya serikali, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Raia wote wanajiandikisha, na mgeni anayeishi nchini zaidi ya miezi 12 pia. Unaweza kuanza kwa *147#. Asiye na mwajiri hujibu maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, mfumo unamkadiria, naye hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Jibu maswali hayo kwa ukweli na upige picha ya ukurasa wa makadirio.

La pili ni bima binafsi, na hapa umri ni adui. Makampuni mengi huweka kikomo cha umri wa kujiunga, lakini humhuisha mzee ambaye tayari ni mwanachama. Kwa hiyo ukijua utahamia Nairobi ukiwa na miaka 65, uliza bei ukiwa na 58. Kabla ya kutia sahihi, pata majibu ya maandishi kwa haya: kikomo cha kuhuishwa ni miaka mingapi, presha, sukari na tezi dume ulizonazo tayari zinasubiri kwa muda gani, na kiwango cha kulipia magonjwa hayo ni sehemu gani ya kiwango kizima, miwani na meno vimo au havimo, hospitali zipi zimo kwenye orodha. Orodha ndiyo inayotofautisha bei. Bima mbili za kiwango kilekile zinaweza kuachana sana kwa sababu moja ina Aga Khan ya Parklands na Nairobi Hospital, na nyingine haina.

Hospitali binafsi huomba dhamana ya pesa wakati wa kulazwa kama bima haijathibitisha. Weka akiba ya dharura kwenye akaunti ambayo mtu wa pili anaweza kuitoa, kwa sababu siku hiyo wewe utakuwa kwenye machela.

Dawa: njoo na za miezi mitatu, kwenye pakiti zake, na barua ya daktari yenye jina la kemikali, si la kibiashara. Majina ya kibiashara hubadilika nchi hadi nchi. Mfamasia wa Nairobi atakupa amlodipini ileile yenye nembo nyingine. Dawa kali za maumivu zina udhibiti, kwa hiyo barua hiyo ni lazima.

Ambulensi: usitegemee 999 pekee. Lipia huduma ya mwaka ya kampuni ya ambulensi, na namba yake aijue soja wa lango, si wewe tu.

Nikipanda ngazi napumua kwa shida. Ni moyo?

Huenda ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na mgeni wa pwani au London huhisi hivyo siku za kwanza. Ikipita wiki mbili, au ikija na maumivu ya kifua au miguu kuvimba, nenda hospitali bila kungoja.

Baridi ya Nairobi ni ya kuogopa?

Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na nyumba hazina mfumo wa kupasha joto, sakafu ni vigae. Nunua hita ya umeme na blanketi nzito. Jiko la makaa lisiingie chumbani kamwe. Hewa yake ya sumu haina harufu, na kila msimu wa baridi huua watu waliolala madirisha yakiwa yamefungwa.

Nikikagua nyumba ya kupanga niangalie nini?

Maji kwanza, kabla ya kabati za jikoni. Maji ya mfereji Nairobi hutolewa kwa mgao, mitaa mingine siku moja au mbili kwa wiki. Uliza keateka, si ajenti: yanakuja siku gani, tangi la chini lina lita ngapi, la juu ngapi, na wapangaji ni wangapi. Hesabu ya haraka: watu watatu kwa lita 100 kila mmoja ni lita 300 kwa siku; siku sita kavu ni lita 1,800. Tangi la lita 3,000 la kwako peke yako linatosha kwa raha. Tangi la lita 10,000 kwa nyumba ishirini halitoshi, na mtaita boza (lori la maji) kila wiki, gharama mkigawana.

Kisha onja. Majumba mengi hujaziliza kwa maji ya kisima, nayo sehemu nyingi za Nairobi yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na WHO. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, floridi inabaki, hivyo inakolea. Inaondolewa na mashine yenye utando ambayo mafundi huiita RO, au unakunywa maji ya mtungi wa lita 20. Ya kisima yaoshee vyombo.

Maji hayohayo yana jambo na shawa ya umeme. Kuna shawa za maji ya kawaida ya mfereji na kuna za maji ya chumvi kama ya kisima. Ile ya kwanza ina waya wa joto ulio wazi ndani ya maji. Maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi, waya unaungua, na unaweza kupigwa shoti. Fungua mfuniko usome maandishi, au mwite fundi wa stima, na hakikisha shawa ina swichi yake na waya wa ardhi umeunganishwa. Ukihisi mwasho wa umeme ukishika mfereji wa chuma, zima swichi kuu, usioge.

Mengine ni mafupi. Ghorofa ya nne iwe na lifti, na lifti iwe kwenye jenereta. Nenda tena saa moja jioni Ijumaa usikilize baa za jirani. Kilimani na Westlands hilo ni muhimu. Dipositi huwa ya mwezi mmoja au miwili. Anayekuomba pesa ya kuonyeshwa nyumba kabla hujaiona, mwache.

Tokeni za stima ninunuaje, na kwa nini pesa ileile inaleta uniti chache?

Kwa M-Pesa: paybill (namba ya malipo) 888880, akaunti ni namba ya mita, utapokea tarakimu 20 za kubonyeza. Uniti hupungua kwa sababu bei inafuata matumizi: wastani wako wa miezi mitatu ukivuka uniti 100 unaingia daraja la juu. Shawa na hita ndizo zinazokuvusha. Uhamiapo nyumba, uliza pia kama mpangaji aliyetoka ameacha deni kwenye mita.

Mgeni anaweza kumiliki ardhi?

Kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Ndivyo Ibara ya 65 ya Katiba inavyosema. Ardhi ya umilikaji kamili iliyo mikononi mwa mgeni huhesabika kuwa ya miaka 99. Kampuni haikusaidii, maana ili ihesabike kuwa ya raia lazima imilikiwe na raia watupu. Shamba la kilimo usiliguse: mgeni hapewi idhini na bodi ya ardhi. Mkenya wa kuzaliwa mwenye uraia pacha hana vikwazo hivi, ndiyo maana tulisema urudishe uraia kwanza.

Kwa mstaafu asiye raia, fleti ndiyo njia nyepesi. Tangu sheria ya fleti (Sectional Properties Act) ya 2020, kila fleti inaweza kuwa na hati yake. Uliza kama hati hiyo imeshatoka au unauziwa ahadi.

Utaratibu ukiwa raia au mgeni ni huu. Wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji. Upekuzi wa hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni, kwa Nairobi, ufanywe na wakili wako, siku za karibu na malipo, kwa sababu karatasi ya upekuzi unayoletewa na muuzaji inaweza kuwa ya mwaka jana au ya kughushi. Mpimaji athibitishe mawe ya mipaka. Kama muuzaji ana ndoa, idhini ya mwenzi iwe ya maandishi. Kisha mkataba, amana ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ikishikwa na mawakili, na siku 90 za kukamilisha. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani.

Usinunue kwa jina la ndugu ili kukwepa haya. Mahakama inaangalia hati, na baada ya mazishi hati ina warithi.

Ndugu na majirani wanadhani nina pesa za dola. Nifanyeje?

Ukija na pensheni ya nje, maombi ya karo, mazishi na biashara yatakufikia kabla hujafungua masanduku. Kukataa kila kitu kunakutenga, na mzee aliyetengwa Nairobi hana wa kumpeleka hospitali usiku. Kinachofanya kazi ni kuweka kiasi cha mwezi kwenye akaunti ya pembeni na kikiisha kimeisha: "Mwezi huu nimetoa, tuonane mwezi ujao." Karo lipa moja kwa moja kwa paybill ya shule. Mchango wa mazishi uende kwa mweka hazina wa kamati, si kwa mtu aliyekupigia. Mkopo usiutoe, toa nusu yake kama zawadi, uhusiano utabaki. Halafu jiunge na chama kimoja cha watu wa rika lako na uende mikutano yote. Marafiki wa Nairobi hupatikana kwa kuhudhuria.

Nimwajiri msaidizi wa nyumbani kwa masharti gani?

Kima cha chini Nairobi kilichotangazwa 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ana siku moja ya mapumziko kwa wiki na siku 21 za likizo kwa mwaka, na makato ya NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni), SHA na ushuru wa nyumba yanapelekwa nawe. Omba cheti cha tabia njema. Kwa mtu wa kukutunza ukiugua, lipa zaidi na uandike kazi zake, kwa sababu kuinua mgonjwa si kufagia.

Matatu zinamfaa mzee?

Zinafaa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Panda stejini, si katikati ya barabara, na mwambie kondakta mapema unaposhukia. Mvua ikinyesha nauli hupanda na foleni hurefuka, ahirisha safari. Kwenda uwanja wa ndege kutoka Westlands, barabara ya juu ya Expressway inakuepusha na Mombasa Road.

Wasia wangu wa nje unatosha?

Uwe na wa Kenya kwa mali ya Kenya, ulioandikwa na kushuhudiwa na watu wawili ambao si warithi. Wa mdomo hudumu miezi mitatu tu. Idhini ya mirathi iliyotolewa na mahakama ya nchi ya Jumuiya ya Madola, kama Uingereza, inaweza kupigwa muhuri na Mahakama Kuu na kutumika. Ya Marekani haina njia hiyo ya mkato. Waraka wa uwakilishi (power of attorney) uliompa mtoto wako hufa siku unayofariki, kwa hiyo asiutegemee kutoa pesa za mazishi.

Na nikishindwa kuzoea?

Toa notisi kwa maandishi kama mkataba unavyosema, piga picha za nyumba kabla ya kukabidhi funguo, na dai dipositi ukiwa ungali Nairobi, kwa sababu ukishapanda ndege inakuwa hadithi. Maliza ritani ya KRA. Akaunti ya benki ifunge baada ya malipo ya mwisho kuingia, si kabla. Laini ya simu iweke hai mwaka mmoja, maana namba za uthibitisho hutumwa huko. Aliyekuwa na pensheni iliyoganda ya Uingereza akirudi kuishi huko hupandishwa hadi kiwango cha wakati huo. Awaarifu wiki anayofika.